Fizi za Mama

11 Januari

Wifi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wanao na mumeo, yule mdogo wangu uliyemfuga akanenepa. Mimi ni mzima wa umri wangu: magoti yanazilaumu ngazi, na ngazi zinayalaumu magoti. Baridi ya huku imeingia mpaka kwenye vijiko. Tangu shemeji yako afariki nimehamishia meza ya kazi sebuleni, kwa hiyo nakula chakula changu kando ya koleo, nta na taya za jasi. Wageni wakibisha hodi hukaribishwa na meno kabla hawajakaribishwa na mimi. Nimestaafu, lakini karakana ya meno ya bandia bado hunitumia kazi ngumu ngumu, zile ambazo vijana hawana subira nazo.

Mdogo wangu aliniambia kwenye simu, kwa ile sauti yake ya kutangaza mpira, kwamba fizi za Mama zinatoka damu, meno yanacheza, na daktari wa meno anataka kuyang'oa yote yaliyobaki. Kabla sijauliza neno simu ikanyakuliwa na watoto, kisha na jirani aliyekuja kuazima ungo. Ndiyo maana naandika. Simu ya nyumba yenu ni ya ukoo mzima. Barua ni yako na yangu.

Shauri langu ni kwamba yang'olewe. Jino linalocheza halina faida, ni mgeni aliyeshika begi mlangoni. Ila kabla ya kung'oa, mwombe daktari achukue chapa ya kinywa, juu na chini, amwagie jasi ikauke iwe nakala ya meno, mnitumie zikiwa zimefungwa vizuri kwa nguo. Nitamtengenezea mwenyewe. Nimewatengenezea meno mahakimu, waimbaji wa kwaya, na bwana harusi mmoja aliyeyapoteza wiki ya harusi. Mtu wa damu yangu sijawahi kumtengenezea hata jino moja.

Nasikia pia siku hizi Mama anakuita "mwanangu" moja kwa moja, bila kupitia "mke wa". Nimefurahi kusikia.

Msalimie. Umwambie salamu zangu kabla ya zako.

Wifi yako wa mbali


22 Februari

Shikamoo wifi,

Sisi hatujambo. Usiseme nimechelewa kujibu. Nyumba yenye wagonjwa wa homa watatu haina kalamu. Wa kwanza kuugua alikuwa kitinda mimba wangu, wa mwisho mdogo wako, na yeye ndiye aliyelalamika kuliko wote. Sasa wamepona. Paa la jikoni limezibwa. Binti yako wa pili, yule anayejidai kafanana na wewe, amefaulu mitihani, na amesema niandike kwamba amefaulu sana.

Mama yupo. Bado anakaa dirishani na cherehani yake, na bado anakata uzi kwa meno, ingawa nimemwekea mkasi mezani, nikamwekea na mwingine umefungwa kwa kamba kwenye cherehani yenyewe. Anasema mkasi ni wa wanaojifunza. Wiki iliyopita alimaliza shati jeupe la mwanafunzi, akauma uzi, na kwenye kola likabaki doa la damu. Alilitazama lile doa kama mtu aliyetukanwa. Nikalifua kwa maji baridi na chumvi kabla mwenyewe hajaja kulichukua.

Ile siku ya kung'oa nimeiahirisha. Nina sababu zangu.

Kuhusu chapa, nilimwambia Mama. Tangu hapo wimbo ni mmoja. Nikimpa uji, "Mwanangu atanitengenezea meno." Nikimsukutulisha kwa maji ya chumvi, "Mwanangu ana mikono laini, si kama wewe unanisugua kama sufuria." Wifi, mimi nina mikono ya sufuria kwa sababu ndizo ninazoosha. Na hilo la kuitwa "mwanangu" usikose usingizi. Ananiita hivyo akitaka nimkune mgongo.

Anakula anavyotaka yeye. Mimi napika tu.

Wifi yako wa nyumbani


15 Machi

Wifi,

Marahaba. Mpongeze binti yangu. Mwambie kufanana na mimi ni mzigo, aubebe kwa adabu. Pole kwa homa. Mimi nilipata kikohozi, nikajitengenezea supu nikanywa peke yangu, nikajipa pole, nikajijibu nimeshapoa.

Barua yako nimeisoma kama ninavyokagua kazi kabla haijatoka karakana: nimeanza na mapengo. Umesema umeahirisha, hukusema kwa nini. Umesema anakula anavyotaka, hukusema anataka nini. Mtu anayesimulia doa la kola kwa mistari yote ile hashindwi kueleza kinachoingia kinywani.

Basi nieleze. Fizi ni nyekundu au zambarau? Zimevimba zikaanza kupanda juu ya meno? Pembe za midomo zimechanika? Ulimi ni mwekundu, au umepauka na kuteleza? Ana michubuko miguuni ambayo hakumbuki kaipata wapi? Akijichoma sindano, panapona upesi? Kinywa ni dirisha, wifi. Anayesimama nje huona vyombo vya ndani.

Chapa mngeweza kuichukua hata leo, haisubiri kung'oa. Rangi ya meno nimeshachagua. Nimetumia ile picha aliyopiga akiwa amevaa koti la kola pana, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Si meupe, yana umanjano mdogo karibu na fizi, na yale mawili ya mbele yana vipengo pale uzi ulipopita miaka yote. Nimefikiria kumwekea vipengo hivyo hivyo, ili asijione mgeni kwenye kioo. Hakuna fundi mwingine ambaye angekumbuka.

Sasa niambie unaogopa nini. Kwamba atakuwa na kitu changu kinywani kutwa nzima?

Wifi yako wa mbali


29 Machi

Shikamoo,

Salamu leo ni fupi, tu wazima.

Umeshachagua rangi ya meno ya mtu ambaye meno yake bado yako kinywani! Wifi, hata mchonga jeneza hungoja apewe kipimo.

Umeuliza, nakujibu. Fizi zambarau, ndiyo. Zimevimba, ndiyo. Pembe za midomo zimechanika, akicheka anashika shavu. Ulimi umepauka. Michubuko ipo, kwenye miguu yote, mingine mikubwa kama kisahani. Anasema ni mguu wa kitanda. Kitanda gani hicho kinachompiga mtu kila siku? Alijichoma kidole kabla ya ile homa ya watoto, na kidonda bado kibichi.

Nilimpeleka kliniki bila kukuambia. Nesi wa lishe alimkagua, akaniuliza mimi, "Bibi anakula nini?" Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, mdomo ni wake." Mama akamjibu kwa kujivuna, kama mtu anayetaja shule aliyosoma. Nesi akaniangalia. Mimi nikaangalia ukuta, kuna picha ya mama ananyonyesha.

Akatupa vidonge vya vitamini C, vya kutafuna. Mama alitafuna kimoja, akakitema kwenye kanga yangu. "Hiki kichachu!" Basi hapo tumekwama.

Mengine sitaki kuyaandika. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakusema kwamba inaweza kumpiga mwenyeji.

Wifi yako


19 Aprili

Wifi,

Kwa heshima zote za salamu, nafurahi kwamba mu wazima.

Nimekaa na barua yako nikaipanga kama meno kwenye nta, moja baada ya jingine. Fizi za zambarau, damu, michubuko isiyo na pigo, kidonda kisichofunga. Hicho ni kiseyeye. Huo ni ugonjwa wa mabaharia wa vitabuni, waliokaa baharini miezi mingi wakila mikate mikavu. Mama yangu hayuko baharini. Yuko kwenye nyumba yenye mpera uani, na genge la matunda liko mkono wa kulia ukitoka getini. Nilipokuja mara ya mwisho nilihesabu rangi zake kwa furaha.

Kwa hiyo naomba unisaidie kuelewa. Mwanamke mwenye akili timamu, anayeishi na mkwe mwenye jiko, watoto na soko, anakosaje vitamini C mpaka fizi zinamwoza? Mnampa nini mchana? Chai? Mkate? Mboga zilizochemshwa mpaka zikasahau zilikuwa mboga?

Sisemi kwamba humjali. Nasema kwamba ningekuwapo mimi asingefika hapa.

Wifi yako wa mbali


6 Mei

Wifi,

Shikamoo. Hiyo umepewa kwa sababu ya umri.

Barua yako nilisomewa na mdogo wako, maana nilikuwa na unga mikononi. Alipofika kwenye "ningekuwapo mimi" akasema, "Hapa mwandiko hausomeki." Nikanawa, nikaja kusoma mwenyewe. Unasomeka sana.

Haya. Ulitaka mapengo yazibwe, nayaziba.

Ulipokuja mara ya mwisho, siku ya pili ya ugeni wako tulikuwa mezani wote. Mama alikuwa ameshika kipande cha chungwa, kingine amekitia chumvi, anafyonza kwa raha zake. Ukamwambia, "Mama, hivi vichachu vinakula meno. Nimeona vinywa vilivyolika kama sabuni. Ukitaka kuzikwa na meno yako mwenyewe, achana navyo." Kisha ukaomba upewe wali. Pengine hukumbuki. Ulikuwa na maneno mengi siku hiyo, na wote tulikuwa tunakusikiliza, hata mimi.

Mama alikiweka chini kile kipande.

Mwanzoni alikuwa anakula kidogo kidogo, kwa kujiiba. Mwaka jana jino moja lilipoanza kumuuma, akasema, "Si mwanangu aliniambia?" Akaacha machungwa na ndimu. Lilipolegea la pili akaacha mapera, maembe, nyanya. Akionja mchuzi wenye nyanya anasukuma sahani. Kadiri fizi zilivyozidi kuumwa ndivyo alivyozidi kukutii. Mbichi hawezi kutafuna, kwa hiyo mboga nachemsha mpaka zinalainika, ndizo hizo ulizozitukana. Uji, mkate uliolowekwa, chai, chai, chai. Mara ngapi nimemmenyea chungwa? Hunijibu hivi: "Wewe ni fundi wa meno? Kuna fundi wa meno hapa? Basi nyamaza."

Nesi alipomuuliza, hilo ndilo alilolisema kwa kujivuna. "Sili vichachu. Mwanangu anatengeneza meno ng'ambo, kanikataza."

Utauliza kwa nini sikukuandikia mapema. Nimeanza barua hiyo na kuichana. Nimelisha watu wa nyumba hii tangu nikiwa bibi harusi mwenye hina mkononi. Mama nimemwogesha, nimemkata kucha, najua upande gani wa shingo anapenda mto. Halafu nishike kalamu nikuombe wewe ruhusa ya kumpa chungwa! Nikasema, afadhali nimshawishi mwenyewe. Sikuweza. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Uongo. Wewe hupo, na lako lipo, linakaa nasi mezani kila mchana, na linaandaliwa sahani kabla ya wengine.

Ile siku ya kung'oa nilikuwa naiahirisha nikitumaini nitashinda. Sijashinda. Daktari ameweka siku nyingine, kumi na nane Juni, na amesema haiahirishwi tena. Nesi anasema tukimlisha sasa huenda mengi yakakaza. Huenda.

Kwa hiyo naomba. Ona, nimeliandika. Mwambie ale.

Wifi yako


17 Mei

Wifi mpenzi,

Sitaanza na salamu. Barua hii naituma kwa njia ya haraka. Ningepiga simu, lakini Mama hasikii simuni, na mumeo angemtangazia mtaa mzima. Mama anaujua mwandiko wangu, ataamini karatasi.

Karatasi ya pili iliyokunjwa humu ni yake. Msomee kwa sauti, mbele ya mumeo, mezani, mchana. Nainakili hapa ili ujue nimesema nini:

"Mama, ni mimi. Kula machungwa. Kula mapera, maembe, nyanya, ndimu kwenye mchuzi, kila kichachu kinachoingia mlangoni. Kinywa ni nguo iliyoshonwa, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Meno ni vifungo tu. Nilitazama vifungo, sikutazama uzi, na uzi wa fizi hutengenezwa na vitu hivyo hivyo nilivyokukataza. Kuanzia leo mambo ya kula usiniulize mimi. Muulize anayepika."

Sasa yako wewe. Matunda mkatie vipande vidogo au yaponde, lakini yawe mabichi, usiyapike. Nyanya ivue ganda. Mboga za majani ziwe na maji kidogo, mfuniko juu, zikinywea tu zitoe. Moto mrefu huua ile vitamini na maji huondoka nayo. Vidonge vya nesi asitafune, ameze na uji, na umwulize nesi kipimo. Ulimi uliopauka na midomo iliyochanika huenda ni upungufu wa madini ya chuma au vitamini nyingine. Mwambie nesi ampime damu. Maharage, mayai, maini akiweza. Chai isiandamane na chakula, maana huzuia chuma kisiingie mwilini, ainywe baadaye. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, wasage, watie kwenye mchuzi, pamoja na maziwa, kwa ajili ya taya. Na cherehani iondoe dirishani uitoe barazani asubuhi, mikono yake ipate jua. Kioo hakipitishi ule mwanga unaoupa mwili vitamini D.

Nililosema kuhusu vichachu si uongo, ni nusu ya jambo. Akishakula asukutue kwa maji matupu, asipige mswaki papo hapo. Hiyo nusu nyingine nilipaswa kuimalizia kabla ya kuomba wali.

Wifi, sijui kama unajua umeniomba nini. Niliondoka nyumbani kwetu msichana. Kitanda changu kikaenda kwa mwingine, kiti changu kikakaliwa, jirani wa kulia hajui kama nimewahi kuzaliwa pale. Nikija, mnanitandikia shuka za wageni. Kumbe kulikuwa na kitu changu kimoja kimebaki ndani ya nyumba ile, kinaheshimiwa, kinatiiwa. Uliposema neno langu linakaa nanyi mezani kila mchana, kabla sijaogopa nilifurahi. Nilifurahi kwa muda kama wa kumeza funda la maji. Ndipo nikaona fizi za zambarau.

Nimeliondoa mezani. Kaa wewe.

Wifi yako


25 Juni

Shikamoo wifi yangu,

Leo salamu zote zipo. Watoto wazima, mdogo wako mzima na amepungua, maana chakula tunachompikia Mama ndicho anachokula naye. Mpera umezaa mpaka matawi yanainama. Jirani bado hajarudisha ungo.

Karatasi ilifika. Nikaisoma mezani, mchana, mume wangu huyu akiwa shahidi. Mama akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Rudia pale anaposema nile."

Nikarudia.

"Amesema machungwa?"

"Machungwa, Mama. Na mapera, na nyanya."

"Lete karatasi." Akaikagua, akaipapasa kama kitambaa, akasema, "Ni yeye. Herufi zake zinainama kama anakimbilia gari." Akanirudishia. Nikamsomea na mwisho, kwa sauti kubwa, nikitamka neno moja moja: Muulize anayepika.

"Hapo sisikii vizuri," akasema. "Nipe chungwa."

Alilia lilipomgusa fizi, maana linachoma. Alilia na akala. Siku ya pili vivyo hivyo. Haikupita wiki mbili damu ikakata. Kidonda cha kidole kimefunga. Michubuko imegeuka kijani, ikawa njano, ikaondoka, na kile kitanda kimeacha ugomvi. Nesi alimpima damu, akakuta chuma kidogo, ametupa dawa. Cherehani iko barazani, na sasa Mama anajua habari za mtaa kuliko simu.

Lakini sikiliza kinachoniua. Kila anayepita barazani anamkuta Mama na kipande cha pera, na Mama anamwambia, "Mwanangu kaniruhusu." Wifi! Nani aliyelimenya? Nani aliyeliponda kwa mwiko mpaka bega likauma? "Mwanangu kaniruhusu." Umeniachia kiti, na bado jina lililoandikwa kwenye mgongo wa kiti ni lako.

Jino moja la mbele la chini lilitoka lenyewe, ndani ya uji, siku mbili kabla ya kwenda kwa daktari. Lilikuwa limeshakata tamaa zamani. Mama akaliosha, akalitazama, akasema halikuwa na subira.

Basi tukaenda tarehe kumi na nane. Vyuma vimeshapangwa kwenye sinia. Daktari, kijana mwenye haraka, akamwambia afungue kinywa, akatia kidole, akasukuma la kwanza, akasukuma la pili. Akaacha haraka. Akawasha taa nyingine. Akauliza, "Bibi, mmekuwa mkifanya nini?" Mama hawezi kujibu, kidole kimo. Daktari akasema, "Hebu ng'ata kidogo, nione yanavyokutana."

Mama akang'ata.

Wifi, daktari alipiga kelele hata waliokuwa wanangoja zamu nje walisimama. Mmoja aliondoka kabisa. Mama akafungua mdomo taratibu, akamuuliza, "Yanacheza?"

Hayang'olewi. Mawili ya pembeni yataangaliwa, mfupa uliokwisha haurudi, amesema hivyo, lakini mengine yamekaza na yatabaki. Tulipokuwa tunatoka, daktari, bado anapuliza kidole, akamwambia, "Bibi, una mkwe mzuri." Mama akasema, "Huyu si mkwe, huyu ni mwanangu. Yule mwingine ndiye anayeandika."

Nimekuandikia hilo kwa makusudi. Nisamehe au usinisamehe. Nimelisubiri tangu siku ya hina.

Wifi yako wa nyumbani


14 Julai

Wifi mpenzi,

Mimi mzima, nanyi naona mu wazima kupita kiasi. Huku ni joto, madirisha yote wazi, na mpangaji mpya wa chini anapika vitunguu kila jioni mpaka natamani nimfahamu.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikakaa. Nikachemsha maji, nikayasahau, nikasoma tena kuanzia kwenye sinia ya vyuma. Nilicheka peke yangu kwa sauti hata mpangaji akaacha kukaanga. Kisha nikafika pale pa "anayeandika", nikaikunja barua.

Umelisubiri muda mrefu, ulikuwa na haki ya kuliandika. Ni la kweli pia. Asubuhi nilikusanya ile nta niliyoanza kuchonga kwa kufuata picha yake, pamoja na vile vipengo vya uzi, nikaiyeyusha nikaimimina kwenye kazi ya mtu mwingine, mwalimu mstaafu mwenye taya nyembamba. Mama hahitaji meno yangu. Nilidhani nitaumia zaidi ya nilivyoumia.

Nilitaka kukuandikia kwamba nimefurahi, na nimefurahi. Ila wivu ulifika kwanza. Si wivu juu yako. Wewe nimekuzoea, tutaendelea hivi hivi mpaka mmoja wetu amzike mwenzake na kulia kuliko wote. Ninayemwonea wivu ni yule daktari.

Maisha yangu yote nimeshika vinywa vya watu. Nimevipapasa kwa kidole gumba, nimejua nani anatafunia upande gani, nani anasaga meno usingizini, nani alinyonya kidole utotoni. Vyote vya jasi, wifi. Vinakuja vimefungwa kwa nguo, vinakaa mezani pangu, baridi, wazi. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuning'ata.

Wifi yako